Dhahabu Ilipita, Sisi Tukabaki: Historia Fupi ya Mji Wetu wa Chunya



 Kamati ilipokaa kupanga kijitabu hiki, kila mmoja alipewa kazi yake. Katibu aliandika taarifa ya kikundi, mweka hazina akaandika hesabu, na mwenyekiti akaambiwa aandike historia ya mji. Kuna wenzetu waliuliza, sasa jamani, historia ya mji na mambo ya kuweka na kukopa vinahusiana nini? Tunawaomba msome mpaka mwisho ndipo mtaona. Elimu yetu ni ya darasa la saba, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa. Tutaeleza kama tulivyosoma, kama tulivyosimuliwa na wazazi, na kama tulivyoona kwa macho yetu.

NCHI YA NYUMA YA MILIMA

Chunya yetu iko kaskazini mwa jiji la Mbeya, kama kilometa 70 kwa barabara. Ukitoka Mbeya unapanda mlima mpaka kwenye baridi na ukungu, halafu unashuka upande wa pili, unavua sweta, na unaingia nchi ya joto na miombo. Mvua ikikatika, maji yanakuwa ya kutafutwa. Maji ya huku yanateremkia bonde la Ziwa Rukwa, na mto mmojawapo ni Lupa, ambao ndio uliolipa jina eneo zima la machimbo.

Zamani watu wa huku walikuwa wachache. Walikuwa Wakimbu na Wabungu na majirani zao, walilima mtama na uwele, waliwinda na kurina asali. Hakuna aliyefikiri kwamba hapa patakuja kuwa mji.

Katika mwaka 1922, wakati Waingereza wamekwisha kuchukua Tanganyika kutoka kwa Wajerumani, dhahabu iligunduliwa katika mchanga wa Lupa. Tunaomba mlishike hilo neno mchanga. Dhahabu ya kwanza haikuwa ndani ya mwamba, ilikuwa imekwisha kumomonyolewa na mvua za miaka mingi na kulala kwenye vijito. Dhahabu ya namna hiyo haihitaji mtaji mkubwa. Ukiwa na sepetu, karai na maji, wewe ni mchimbaji. Unachota kifusi, unakizungusha kwenye karai na maji, mchanga mwepesi unatoka na dhahabu nzito inabaki chini.

Hata hivyo, miaka ile ya mwanzo wachimbaji hawakuwa wengi. Mji wa Mbeya wenyewe ulianzishwa mwaka 1927, na ulikua kwa sababu ya machimbo yetu. Watu wa Mbeya wanaotucheka kuwa sisi ni watu wa porini wakumbuke hilo! Kabla Mbeya haijawa jiji, ilikuwa kituo cha kupitishia unga, chumvi na vifaa vya kwenda Lupa.

KILICHOLETA WATU NI BEI

Wengi tunafikiri kwamba rashi inaletwa na dhahabu. Siyo kweli. Dhahabu ya Lupa ilikuwepo miaka yote, na hata baada ya kugunduliwa ilikaa karibu miaka 10 bila fujo yoyote. Kilicholeta watu ni bei.

Mwaka 1931 serikali ya Uingereza iliacha kuifunga pesa yake na dhahabu kwa bei ya zamani, na mara bei ya dhahabu kwa pesa ya Kiingereza ikapanda. Halafu mwanzoni mwa mwaka 1934 Marekani nayo ikapandisha bei yake kutoka dola 20.67 kwa wakia mpaka dola 35. Wakati huohuo dunia ilikuwa katika hali mbaya ya uchumi. Bei ya mkonge ilikuwa imeanguka, na ya kahawa pia. Mashamba yalikuwa yanapunguza vibarua, na wenye mashamba wenyewe walikuwa na madeni. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kinashuka, isipokuwa dhahabu peke yake.

Basi watu wakamiminika. Walikuja mamia ya Wazungu, wengine wakulima waliofilisika, wengine hawana hata nauli ya kurudia kwao. Walikuja wafanyabiashara wa Kihindi wakafungua maduka ya mabati. Na walikuja maelfu kwa maelfu ya watu weusi kutafuta kazi: Wanyakyusa kutoka Rungwe, Wandali, Wanyiha, Wasafwa, na wengine kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ambazo leo ni Malawi na Zambia. Wengi wetu tunaosoma kijitabu hiki ni wajukuu wa watu hao. Ukimwuliza mtu wa Chunya kabila lake, atakutajia la babu yake, lakini kaburi la babu liko hapa.

Wenye leseni walikuwa hasa wageni. Watu wetu walikuwa vibarua. Kazi ilipimwa kwa kipande, yaani kadi yenye vyumba 30. Ukifanya kazi siku moja, chumba kimoja kinawekwa alama. Mshahara unatoka vyumba 30 vikijaa. Ukiugua wiki nzima, hakuna alama. Kwa hiyo mwezi wa kipande haukuwa mwezi wa kalenda, uliweza kuwa wiki 6 au zaidi. Kiangazi maji yakikosekana, walitumia mashine za kupuliza upepo ili vumbi jepesi liruke na dhahabu ibaki. Fikirini vumbi hilo kifuani mwa mtu kutwa nzima.

AKINA MAMA HAWAKUTAJWA

Katika habari za Lupa utasoma majina ya Wazungu waliopata mawe makubwa. Hutasoma juu ya waliowapikia wale maelfu ya vibarua. Watu wale walikula nini? Nchi hii haikuwa na chakula cha kutosha. Mchele, ndizi na maharage vilitoka Rungwe na nchi za baridi, vikabebwa kuvuka mlima. Wakulima wa huko walipata pesa ya Lupa bila kushika sepetu. Na hapa kambini akina mama walipika, walisaga, waliteka maji, waliuza pombe ya kienyeji jioni vibarua wanapotoka kazini.

Bibi wa mmoja wetu alikuwa mpika pombe katika kambi za Lupa. Alikuwa haruhusu mkopo zaidi ya siku 3, hata kama mteja analia. Kila sarafu aliyopata aliitia katika kibuyu, na kibuyu alikifukia chini ya mafiga, mahali ambapo moto ulikuwa unawaka kutwa na hakuna mwizi wa kupagusa. Kibuyu kikijaa alinunua mbuzi. Wenzake walimwambia anajichosha bure, pesa ya Lupa haiishi. Baadaye tutaeleza mbuzi hao walifanya nini.

SAZA

Mchanga una mwisho wake. Vijito vikishaoshwa mara 2 na mara 3, hubaki mawe. Hapo inabidi kufuata dhahabu kwenye mwamba, na mwamba haumtaki mtu wa karai. Unataka kuchimba kwenda chini, kuweka magogo ya kuzuia, kuvuta maji, kuvunja mawe, kuyasaga na kuyachuja kwa dawa. Hiyo ni kazi ya kampuni. Kwa hiyo wachimbaji wadogo wakaanza kupungua, na makampuni yakashika.

Mgodi mkubwa kuliko yote katika Lupa ulikuwa wa Saza, ulioanza uzalishaji mwaka 1939. Siku hizi Saza iko katika Wilaya ya Songwe, baada ya mkoa mpya wa Songwe kukatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, lakini kwa wazee wetu yote ilikuwa Lupa moja. Pale Saza palikuwa na kinu cha kusagia mawe, nyumba za wafanyakazi na maduka, yaani mji kamili katikati ya pori. Wazee walituambia kwamba usiku ukiwa mbali unausikia mgodi kabla hujauona.

Lakini mwaka uleule wa 1939 Vita ya Pili ya Dunia ilianza. Vijana walichukuliwa kwenda jeshini, vipuri na mafuta vikawa adimu, na wachimbaji wengi wa Kizungu wakaondoka. Vita ilipokwisha mwaka 1945 watu walitumaini kwamba Lupa itarudi kama zamani. Haikurudi.

Sababu yake kila mama lishe ataielewa. Bei ya dhahabu iliyowekwa mwaka 1934, dola 35 kwa wakia, ilibaki hivyohivyo mpaka mwaka 1971. Sasa fikirini unauza sahani ya wali, na serikali imekuambia bei yako ni ileile ya miaka 20 iliyopita, usiongeze hata senti. Lakini mchele umepanda, mafuta yamepanda, mkaa umepanda, na msichana wa kukusaidia anataka nyongeza. Utafanya nini? Utapika siku chache kwa hasara, halafu utafunika sufuria. Ndivyo ilivyokuwa. Mishahara ilipanda, mafuta ya mitambo yalipanda, vyuma vilipanda, shimo lilizidi kwenda chini na kuzidi kuwa ghali, na bei ya dhahabu imesimama palepale. Mwaka 1956 mgodi wa Saza ulifungwa.

Hayakutupata sisi peke yetu. Mgodi wa zamani wa Geita nao ulifungwa mwaka 1966, ukakaa kimya mpaka mgodi mpya ulipofunguliwa mwaka 2000.

MAHAME

Mji haufi siku moja. Wazee walitusimulia kuwa kwanza waliondoka wenye magari. Halafu wenye maduka, mmoja baada ya mwingine, wengine usiku. Halafu vibarua ambao kwao hakukuwa mbali. Mwisho wakabaki wale ambao hawakuwa na pa kwenda, au waliokuwa na makaburi hapa, au waliokuwa na shamba. Nyumba zikaezuliwa mabati. Milango na madirisha vikang'olewa vikabebwa. Mvua ikanyesha ndani ya kuta, na baada ya miaka michache miti ikaota sebuleni.

Sisi tulizaliwa baada ya hayo. Tulipokuwa watoto, magofu yalikuwa mahali pa kuchezea. Mama zetu walitukataza sana, siyo kwa ajili ya mashetani kama walivyotuambia, bali kwa ajili ya mashimo. Pori lote lilikuwa limetobolewa. Nyasi zikiota juu huwezi kuona kitu. Mbuzi walitumbukia, na watoto pia.

Mji wa Chunya wenyewe haukufa kabisa, kwa sababu palikuwa na boma la wilaya. Ofisi ya serikali ilibaki, na penye ofisi panabaki shule, zahanati na duka moja la chumvi. Halafu kilimo cha tumbaku kikashika nafasi, na wengine wakarudia asali ya mababu. Lakini ilikuwa aibu kidogo kusema unatoka Chunya. Mtumishi akihamishiwa huku, alihesabu kwamba ameadhibiwa.

Sasa tunauliza, dhahabu yote ile iliacha nini? Dhahabu yenyewe ilikwenda ng'ambo. Mishahara ya vibarua ilikwenda kulipa kodi ya kichwa na mahari katika vijiji walikotoka, na hatuwalaumu, kwa sababu kila mtu ana kwao. Hapa Chunya palibaki mashimo, kuta, na milima ya marudio, yaani ule mchanga uliokwisha kusagwa na kutupwa. Zaidi ya miaka 30 ya dhahabu, na hakuna kilichowekwa hapa kwa ajili ya siku ya kesho. Na tunaposema hakuna kilichowekwa, hatusemi juu ya Wazungu tu. Hata sisi hatukuweka.

Yule bibi wa kibuyu ndiye tofauti. Kambi zilipofungwa alikuwa na mbuzi, na mbuzi hawajui bei ya dhahabu. Walizaa kama kawaida. Kwa mbuzi hao watoto wake 2 walisoma.

RASHI YA PILI

Mwaka 1971 Marekani iliacha ile bei ya dola 35, na dhahabu ikaanza kwenda inavyotaka. Mwanzoni mwa mwaka 1980 ilipita dola 800. Watu wakaanza kurudi kwenye mashimo ya zamani. Safari hii hawakuwa wageni, walikuwa vijana wetu wenyewe, na wengine kutoka Kanda ya Ziwa, wenye nyundo, tindo na kamba. Mwaka 1990 Benki Kuu ilianza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo, na wale waliokuwa wanajificha wakajitokeza.

Tangu hapo mambo yamebadilika mpaka sisi wenyewe tunashangaa. Yale marudio tuliyokuwa tunachezea, watu walikuja kuyanunua. Inaelekea mitambo ya zamani haikumaliza dhahabu, sehemu ilibaki ndani ya mchanga, na siku hizi wanaichenjua kwa dawa kali wakaipata. Takataka ya babu ikawa mali ya mjukuu! Mwaka 2012 mgodi mkubwa wa New Luika ulianza uzalishaji upande wa Songwe. Mwaka 2019 soko la dhahabu lilifunguliwa hapa Chunya, mchimbaji akawa anauza mchana kweupe na kupewa karatasi yake. Barabara ya kutoka Mbeya ina lami. Nyumba za kupanga hazitoshi. Na mwaka 2025 bei ya dhahabu ilipita dola 3,000 kwa wakia.

Tunafurahi. Hatuwezi kusema uongo, kikundi chetu kimekula dhahabu hiyo. Wanachama wetu wanauza chakula kwenye machimbo, wanauza vitenge, wanauza maji, wengine wana karasha, wengine wanaosha kwenye mialo. Mchimbaji akipata, sisi tunapata. Lakini tulipokuwa tunaandika historia hii tulijiuliza usiku, je, hapa tulipo sasa ni tofauti na mwaka 1936? Maduka yamejaa, wageni wamejaa, bei iko juu. Hata kule Saza walijua kwamba mambo ni mazuri.

SANDUKU NA DUARA

Hapa ndipo historia ya mji inapokutana na historia ya kikundi.

Tulianza mwaka 2015 tukiwa wanawake 15, hisa moja Sh. 1,000. Tulikuwa na sanduku la bati lenye makufuli 3, na funguo zilikaa kwa wanachama 3 tofauti, kama taratibu zinavyotaka. Mwaka 2019 tulikuwa tumefika wanachama 28, na sanduku lilikuwa na Sh. 11,400,000.

Mwaka huo mwanachama mwenzetu alileta ombi. Mume wake alikuwa na duara ambalo wataalamu wa kijiweni walisema limebakiza mita chache kufika kwenye mwamba wenye mali. Alihitaji Sh. 6,000,000 kwa ajili ya magogo, mashine ya kuvuta maji na chakula cha vijana. Kikundi kingepewa mifuko ya mawe kwa mgawo. Kwa hesabu aliyotuonyesha, pesa ingerudi mara 4.

Jamani, kikao kile hatutakisahau. Kilianza saa 9 mchana na giza likatukuta pale chini ya mwembe. Walisimama wenzetu wakasema: sisi tunakaa juu ya dhahabu, tunakopeshana vilaki 2 vya kununulia unga, je, hii ni akili au ni woga? Wengine wakasema kazi ya machimbo ni bahati nasibu. Maneno yakawa makali, mpaka yakatoka ya kutajiana waume.

Ndipo akasimama mama mmoja, ambaye kwa umri ndiye mkubwa wetu. Yeye alizaliwa mwaka 1956, mwaka Saza ilipofungwa. Alisema baba yake alifanya kazi pale miaka mingi, na hakuwa mlevi wala mtu wa anasa. Kila alipopokea mshahara alipeleka sehemu kwa mwenye duka amtunzie, kwa sababu kambini wezi walikuwa wengi. Mgodi ulipofungwa alikwenda dukani kuchukua akiba yake, akakuta mlango umefungwa na rafu ni tupu. Aliondoka Saza na mke, mtoto mchanga mgongoni, na kipande chake cha mwisho mfukoni. Mama yule akamaliza hivi: "Baba yangu aliweka, msiseme hakuweka. Kosa lake alimpa funguo mtu mwenye safari." Akakaa.

Tulipiga kura. Waliokataa mkopo walikuwa 17, waliokubali 11. Wanachama 4 walijitoa siku ileile, wakachukua hisa zao, wakaziingiza kwenye duara.

Tunataka kusema ukweli wote, maana historia ya kujisifu haina faida. Duara lile lilitoa. Mwezi wa tatu tu walipata mifuko mizuri. Tulichekwa sokoni mpaka tukawa tunapita njia ya nyuma. Mmoja wa wale 4 alijenga nyumba ya tofali za saruji kabla yetu sote, na wanachama 5 wengine wakatuacha kwa hasira. Yalikuwa majuto makubwa, na mwenyekiti wenu aliitwa mwoga mbele ya watoto wake.

Mwaka 2021 mwamba ulipotea. Mume wa yule mwenzetu alihamia rashi nyingine mkoa mwingine, na mpaka leo habari zake ni za kusikia. Kati ya wale 4, wawili wamerudi kikundini na tumewapokea bila maneno. Mmoja alihama na familia yake. Na wa nne, yule mwenye nyumba ya saruji, ana karasha yake, biashara inakwenda vizuri, na ni mmoja wa waliochangia sherehe hii. Kwa hiyo hatusemi kwamba aliyeingia kwenye duara ni mjinga. Tunasema kwamba aliingia na hisa zake mwenyewe. Angeingia na hisa za mjane aliyekuwa anaweka Sh. 2,000 kwa wiki, hapo ndipo pangekuwa na dhambi.

Baada ya hapo tulitunga kanuni 2 ambazo zimo katika katiba yetu mpaka leo. Ya kwanza, mkopo wa shughuli za machimbo hauzidi hisa za mkopaji mwenyewe. Ya pili, kila mwisho wa mwaka, kabla ya mgao, sehemu moja katika sehemu 5 za faida inatengwa kununulia kitu kisichotegemea bei ya dhahabu. Kwa fedha hiyo tumenunua kiwanja, mashine ya kusaga nafaka, na mwaka 2023 mashine ya kukamua alizeti. Kuna mwaka alizeti haikuwa nzuri na mashine ilikaa bila kazi miezi 4, watu wakanung'unika. Wananung'unika mpaka leo. Ni haki yao.

TUNAYOWAACHIA

Ndugu zetu, hatujui bei ya dhahabu itakuwaje mwakani. Waliokuwepo mwaka 1936 nao hawakujua. Tunachojua ni kwamba bei inapangwa mbali na sisi, na watu wanaoipanga hawajui kama Chunya ipo. Ilipanda, tukawa mji. Iliposimama, tukawa mahame. Imepanda tena, tumekuwa mji tena. Mambo hayo hatuyawezi. Tunaloliweza ni lile dogo, kuhakikisha kwamba safari hii dhahabu inapopita hapa, kitu fulani kinashikwa na kubaki.

Tunawaomba vijana wetu wa machimbo, msituone kama tunawapinga. Ninyi ndio wateja wetu na ndio watoto wetu. Leteni wake zenu wajiunge. Mkipata, wekeni kidogo nyumbani kabla hamjakimbilia rashi nyingine. Fukieni mashimo mliyomaliza, maana mbuzi na watoto wa leo ni walewale wa jana. Na zebaki msiichomee jikoni, sumu yake inaingia kwa mama na mtoto.

Wafadhili wetu, tunawashukuru kwa viti, kwa turubai, kwa mafunzo ya vitabu vya hesabu, na zaidi ya yote kwa kutuamini tulipokuwa tunachekwa.

Sanduku letu la bati bado lipo, limepata kutu kwenye pembe, ingawa pesa nyingi sasa ziko benki. Siku ya sherehe litawekwa mezani mbele ya wageni na makufuli yake 3, na wenye funguo watasimama mmoja mmoja mtuone. Wote 3 ni wakazi wa hapa, wana mashamba hapa, na hawana safari.

Umoja ni nguvu. Mungu akibariki kikundi chetu.

Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama wote
Chunya, 2025